Shajara ya tone: kioo, sindano na vumbi la Dodoma

Jumamosi, 7 Juni 2025

Mama ana mistari kumi na minne ya zabibu huko Mpunguzi. Msimu uliopita alipuliza salfa mara tatu na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukaingia vilevile. Nilipokwenda kumsalimia akanionyesha jani. "Dawa haikai, mwanangu. Unapuliza, inajikusanya, inadondoka. Inayotibiwa ni ardhi." Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka naelezea darasani mvutano wa uso wa maji kwa pini inayoelea kwenye bakuli, watoto wanapiga makofi, tunafunga daftari. Nikaulizwa na mama yangu kwa nini tone hukaa duara kwenye jani moja na kutandaa kwenye jingine, nikajiumauma.

Basi likizo hii kazi ni moja: kuangalia tone linavyotandaa juu ya kitu kigumu, na hasa kuuona ukingo wake kwa karibu kadiri vifaa vya mtaani vitakavyoruhusu. Bajeti ni shilingi elfu sitini. Meza ya chumba cha wageni nimeshaichukua. Mke wangu hajasema kitu, na kutosema kwake nakufahamu.

Jumatano, 11 Juni

Sindano. Ile ya insulini ya mililita moja ina alama 100, kwa hiyo kila alama ni maikrolita 10. Nilisukuma alama kumi polepole, sindano ikiangalia chini, nikahesabu matone: 18, 18, 19, 18. Tone moja basi ni kama maikrolita 5.5. Si usahihi wa maabara ila unatosha, na unarudiwa kwa sababu tone huachia pale tu uzito wake unapoushinda mvutano wa uso kwenye mdomo wa sindano. Kwa maji safi mvutano huo ni kama milinyutoni 72 kwa mita, joto likiwa digrii 25.

Maji ni ya betri, chupa moja kutoka kituo cha mafuta. Ya bomba niliyajaribu kwanza, nikayaacha. Kila anayeishi Dodoma anaujua ule mviringo mweupe unaobaki kwenye glasi iliyokaushwa na upepo. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chicago walieleza mviringo kama huo kwa tone la kahawa: ukingo wa tone umenasa mahali pake, maji hukauka haraka zaidi pembezoni, kwa hiyo maji ya katikati hutiririka kwenda pembeni kuziba pengo na kubeba kila kilichomo. Kwetu kinachobebwa ni chumvi. Na hewa ilivyo kavu mwezi huu, sina muda wa kuchezea: tone la maji juu ya kioo linapungua huku ninalitazama.

Jumamosi, 14 Juni

Kamera ni simu. Lenzi nimeitoa kwenye DVD mbovu ya jirani, ni kijidude kama punje ya dengu, nikaibandika mbele ya kamera kwa gundi ya karatasi. Kwa kuangalia ubavuni, simu inalala kwenye matofali mawili, nyuma ya tone kuna karatasi nyeupe na taa. Tone linaonekana kama kilima cheusi chenye kitone cha mwanga katikati. Kipimo ni rula ya shule iliyopigwa picha mahali palepale.

Sina programu ya kupimia pembe, na sihitaji. Tone dogo la maji ni kipande cha tufe, maana chini ya milimita 2.7 hivi mvutano wa uso huwa na nguvu kuliko uzito. Napima upana na kimo tu, halafu: tanjenti ya nusu ya pembe ni kimo mara mbili gawanya kwa upana.

Jumapili, 22 Juni

Wiki nzima imekwenda kwenye kuosha kioo, nami nilidhani kitakuwa kazi ya dakika kumi.

Slaidi, kile kipande cha kioo cha hadubini, ikitoka kwenye boksi lake, tone langu lina upana wa mm 3.6 na kimo mm 0.95. Pembe 56. Nikaosha kwa sabuni, nikasuuza kwa maji ya betri mara tano, nikafuta kwa spiriti: pembe 41, kisha 28, kisha 47. Slaidi zilezile, mkono uleule. Nikaanza kushuku sindano, nikashuku maji, nikamshuku binti yangu wa darasa la sita anayenishikia taa. Yeye ndiye aliyeona. "Baba, mbona unafutia na shati?" Kweli, nilikuwa namalizia kwa pindo la shati.

Baada ya hapo hakuna kufuta. Kioo kinasuuzwa na kusimamishwa wima kikauke chini ya bakuli la plastiki. Halafu nikakipitisha juu ya moto wa bluu wa jiko la gesi kuchoma mabaki ya mafuta. Slaidi ya kwanza ilipasuka mikononi kwa mlio kama wa kijiti, nilikuwa na haraka. Ya pili niliipitisha kama mtu anayebabua mkate, huku na huku. Tone likatua na kulala: upana mm 6, kimo hakifiki mm 0.4. Pembe 14.

Mambo yote haya yako kwenye kanuni aliyoieleza Thomas Young mwaka 1805, kwa maneno bila hata mlinganyo. Kwenye ukingo wa tone wanakutana watatu: kioo, maji na hewa. Kila mpaka kati ya wawili una mvutano wake, na pembe ni mahali hao watatu wanapopatana. Kioo safi kinapenda kufunikwa, hivyo kinauvuta ukingo nje. Kikipakwa mafuta, hata tabaka la unene wa molekuli moja, kinapunguza mvuto. Nilichokuwa napima wiki nzima ni shati langu.

Jumapili, 29 Juni

Kioo kilichopata pembe 14 asubuhi, nikakiacha mezani bila kukifunika, saa kumi jioni kilinipa 33. Hakuna aliyekigusa. Ila chumba cha wageni kimepakana na jiko na leo zilikaangwa maandazi. Sasa slaidi zinatumika ndani ya dakika kumi tangu zitoke motoni, au zinarudi motoni.

Vumbi ni jambo jingine. Upepo wa Juni na Julai hapa hauombi ruhusa, unapita chini ya mlango. Leo nimefanikiwa kulinasa tendo lenyewe kwa lenzi ya DVD: ukingo wa maji unasonga, unafika kwenye chembe ya vumbi, unasimama hapo tu huku pande zake mbili zikiendelea, unapinda kama kamba iliyofungwa kwenye kigingi, halafu ghafla unaachia na kuruka mbele. Chembe ilikuwa kama maikromita 20, theluthi ya unene wa unywele au pungufu. Nimeiangalia video hiyo mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri.

Jumapili, 6 Julai

Nilitaka kupima kasi ya kutandaa kwa maji. Simu inapiga picha 240 kwa sekunde kwenye mwendo wa polepole, yaani picha moja kila milisekunde 4. Picha moja tone linaning'inia, picha inayofuata limeshatandaa. Kati yake hakuna kitu. Nimerudia mara 30.

Hesabu ingeniokoa siku nzima kama ningeifanya kwanza. Tone la nusu kipenyo cha milimita moja, mvutano wa uso ukishindana na inesha ya maji, yaani ukaidi wake wa kuanza kusogea, humaliza hatua ya kwanza kwa milisekunde 4 hivi. Wenye kamera za maelfu ya picha kwa sekunde wamekuta kwamba katika hatua hiyo nusu kipenyo hukua kwa kipeo cha 1/2 cha muda. Simu yangu haina lake hapo. Ninahitaji kimiminika kizito.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Mafuta ya alizeti hayakunifaa: yanatandaa kidogo kisha yanakwama, na kila chupa ina tabia yake. Fundi wa mashine za fotokopi pale Majengo ndiye aliyenipa dawa, mafuta ya silikoni wanayopaka kwenye rola, kijichupa cha dawa ya kikohozi kimejaa robo. Hakutaka hela. Alitaka kujua nayafanyia nini, nilipomweleza akaniongezea kidogo kwa huruma.

Silikoni inakilowesha kioo kabisa, haisimami penye pembe yoyote, na haikauki. Mvutano wake ni mdogo, kama milinyutoni 21 kwa mita, na mnato wake ni mamia ya mara ya ule wa maji. Slaidi nimeilaza juu ya karatasi ya grafu, simu inaangalia kutoka juu. Upana wa tone moja kutoka sindano nene:

sekunde 1, mm 4.2
sekunde 10, mm 5.6
sekunde 100, mm 7.4
sekunde 1000, mm 9.7

Ni laini kiasi cha kutia shaka. Nimechora kwa logi pande zote mbili, mstari umenyooka, mteremko, ambao ndio kipeo, ni 0.12. Lakini sheria niliyokuwa naitafuta, aliyoitoa Tanner mwaka 1979 baada ya kupima mafuta ya silikoni kama haya, inasema upana hukua kwa kipeo cha 1/10 cha muda. Nina 0.12 mara tatu mfululizo. Nimelala nikiwa nimenuna.

Jumapili, 13 Julai

Si kosa langu. Ni uzito.

Silikoni ina mvutano mdogo, kwa hiyo mpaka ule ambao kwa maji ni mm 2.7, kwa mafuta haya ni mm 1.5 tu. Tone langu lilikuwa na nusu kipenyo cha zaidi ya mm 2 tangu sekunde ya kwanza. Likiwa pana hivyo, halisukumwi tena na mvutano wa uso peke yake, linajibonyeza lenyewe kwa uzito wake kama unga wa chapati uliosahauliwa mezani. Na kutandaa kwa uzito kuna kipeo chake, 1/8, yaani 0.125. Nilikuwa napima sheria nyingine bila kujua, na nikaipima vizuri.

Dawa yake ni tone dogo. Nimechovya ncha ya pini kwenye mafuta, nikagusa kioo kilichotoka motoni, nikafunika bakuli. Nakadiria ni nusu maikrolita. Vipimo: mm 2.1 baada ya sekunde 1, 2.6 baada ya sekunde 10, 3.3 baada ya 100, na 4.2 baada ya 1000. Mteremko 0.10. Binti yangu aliitwa kushuhudia na akauliza kama sasa tunaweza kula.

Nataka kuandika hapa kwa nini ni 1/10, maana ndipo utamu ulipo. Tone likipanuka linakuwa bapa. Ujazo haubadiliki, kwa hiyo upana ukiongezeka mara mbili, kimo kinashuka mara nne, na pembe ya ukingo inashuka mara nane. Sasa, kasi ya ukingo inafuata pembe kwa kipeo cha tatu. Nane mara nane mara nane: 512. Tone lililopanuka mara mbili linatambaa mara 512 polepole zaidi. Ndiyo maana kutoka mm 2.1 hadi 4.2 kumechukua takriban dakika 17, na kutoka 4.2 hadi 8.4, kama vumbi likiniachia, kutachukua mara elfu moja ya hizo: siku 12.

Kwa nini kipeo cha tatu? Kwa sababu nguvu karibu yote inayopotezwa na mnato inapotelea kwenye kabari nyembamba ya ukingo. Huko kati tone linakwenda raha mustarehe. Pembeni, mafuta yaliyoshika kioo hayasogei na yaliyo juu yanataka kusogea, na nafasi kati yao inakwisha. Chun Huh na Scriven walionyesha mwaka 1971 kwamba ukiifuata hesabu hiyo hadi unene wa sifuri, nguvu inayohitajika haina mwisho, yaani tone lisingesogea kamwe. Tone linasogea. Basi hesabu ya kawaida ya vimiminika inavunjika mahali fulani karibu na ukingo, kwenye vipimo vya molekuli: ama kimiminika kinateleza kidogo juu ya kioo, ama mbele ya ukingo kuna kitu tayari.

Na kitu hicho kipo. William Hardy alikigundua mwaka 1919: utando usioonekana unaotangulia mbele ya tone, mwembamba hata kuliko nanomita 100, kama mbeleko iliyotandikwa kabla mtoto hajalazwa. Tone linaloonekana linatambaa juu ya mafuta yake lenyewe. Pierre-Gilles de Gennes aliyakusanya yote haya katika makala yake ndefu ya mwaka 1985, miaka sita kabla ya kupata Nobeli ya fizikia.

Tone la leo sitalifuta. Linakaa chini ya bakuli juu ya kabati.

Jumamosi, 19 Julai

Rangi!

Tone jingine la pini liliwekwa jana usiku. Asubuhi, saa 12 baadaye, upana mm 6.2. Nilichukua taa ndogo ya kijani ya mapambo, nikaelekeza mwanga kwenye kipande cha kioo kilichoinamishwa digrii 45 ili uanguke wima juu ya tone na kurudi kwenye kamera. Ukingoni kukaonekana mistari, hafifu sana, kijani na giza, kijani na giza, sambamba na ukingo. Ni jambo lilelile la mafuta ya gari juu ya dimbwi: mwanga unaorudi kutoka juu ya mafuta na ule unaorudi kutoka chini yake vinajumlishana au vinauana, kutegemea unene.

Kwa mwanga wa kijani, kutoka mstari hadi mstari unene umeongezeka kwa karibu nanomita 190. Nimehesabu nafasi kumi ndani ya mm 0.09. Kwa hiyo mafuta yanapanda maikromita 1.9 kwa kila 90 za kwenda ndani, mwinuko wa digrii 1.2. Nikapiga hesabu ya pili kutoka ujazo na upana: digrii 1.2. Nimetembea kidogo uani kabla ya kuendelea.

Nanomita 190 kwa simu na taa ya Krismasi. Zaidi ya mstari wa mwisho ni giza tupu, na kama utando wa Hardy upo, upo humo gizani. Kwa vifaa hivi sitauona.

Umeme ulikatika saa tatu asubuhi, ukarudi jioni.

Jumapili, 10 Agosti

Mpunguzi. "Mbukwenyi," nikaingia kwa salamu ya Kigogo, mama akaitikia akitazama mfuko wangu. "Umeleta sukari au umeleta sindano?" Vyote viwili.

Nimeanza na zabibu zenyewe, zimekaribia kuvunwa. Kila punje ina ule unga mweupe ambao wateja wa soko la Sabasaba huufuta kwa kidole wakimwambia muuzaji, "Hizi zina dawa nyingi." Si dawa. Ni nta inayotengenezwa na tunda lenyewe, vijibamba vidogo vilivyopangika ovyo. Tone la maji ya betri lilikaa juu yake kama shanga, pembe imezidi 90 waziwazi, nikiinamisha punje linabiringika na kwenda na chembe za vumbi. Robert Wenzel alieleza mwaka 1936 kwamba ukwaruzo huzidisha tabia ambayo uso unayo tayari, unaopenda maji hupenda zaidi na unaoyachukia huchukia zaidi. Cassie na Baxter mwaka 1944 wakaongeza kwamba tone laweza kukaa juu ya ncha tu, chini yake kuna hewa. Punje ile ile nikaifuta kwa kidole kama mteja wa Sabasaba, tone likashuka na kushika.

Jani la juu halikuwa baya kama nilivyotarajia. Maji matupu pembe 80 na kitu, na jani changa lilikuwa gumu zaidi kuloweshwa kuliko lililokomaa. Nikatia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nusu kijiko cha chai kwa lita. Tone lililokuwa na upana wa mm 2.8 likatandaa hadi mm 5 na ushee. Sabuni inaushusha mvutano wa uso wa maji hadi nusu au chini ya hapo, na ukingo unaachiwa.

Mama aliangalia kimya. "Kwa hiyo nitie sabuni."

Hapo nilisita, na bado nasita. Kwanza, tone langu la maikrolita 5.5 ni jitu. Tone la bomba la mgongoni lenye upana wa mm 0.2 ni dogo kuliko langu zaidi ya mara elfu, nalo halitui kwa upole kutoka kwenye sindano, linagonga jani kwa kasi. Pili, maji yakitandaa sana jani likajaa, yanachuruzika vilevile, na salfa inakwenda nayo. Tatu, sabuni nyingi huunguza majani. Nne nimeiona leo: punje iliyopitiwa na maji ya sabuni, ilipokauka, ilibaki na doa linalong'aa, ule unga mweupe umeharibika. Nilimwambia asubiri, nitajaribu kipimo kidogo kwenye mstari mmoja baada ya mavuno na kupogoa, machipukizi yakitoka, na asiguse yaliyobaki.

"Mstari upi?"

Ule wa mwisho, karibu na mbuyu.

"Huo ndio wenye zabibu nzuri," akasema. Tukaafikiana wa pili kutoka mwisho.

Jumapili, 17 Agosti

Shule zimefunguliwa, meza imerudishwa kwa wageni. Zilizobaki ni slaidi tisa na mafuta ya kutosha matone mia.

Bakuli la juu ya kabati nimelifunua leo, siku ya 35. Kwa sheria ya Tanner tone la tarehe 13 Julai lingepaswa kuwa na upana wa mm 9.4. Kwa upande mmoja ni 9.1. Kwa upande wa pili ni 8, na pale lilipokwama, chini ya lenzi, kuna unyuzi mmoja wa buluu. Shati langu la Jumatatu ni la buluu.